Duka la Kona: Mlango Mmoja, Risiti Tofauti

Chukua orodha ya maduka yote ya Marekani yanayoruhusiwa kupokea SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali ambao wengi bado wanauita stempu za chakula. Karibu nusu ya orodha hiyo ni maduka madogo: ya kwenye vituo vya mafuta, ya kwenye kona za mitaa, yale ambayo mtu huingia na kutoka ndani ya dakika tatu. Sasa zifuate pesa zenyewe. Katika kila dola 20 za msaada zinazotumika, ni kama dola 1 tu inayoishia kwenye maduka hayo. Sehemu kubwa mno ya zilizobaki inakwenda kwenye supamaketi na maduka makubwa.

Hesabu hiyo inavunja maneno mawili yanayorudiwa kila mara. La kwanza ni kwamba duka la kona ni la maskini na mwenye nacho hana haja nalo. La pili, ambalo linaniudhi zaidi, ni kwamba maskini hawajui kupanga matumizi, ndiyo maana wananunua maziwa pale yanapouzwa ghali. Kumbe watu wa kipato cha chini wananunua chakula chao kingi kule kule wanakonunua wengine. Utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wa 2012 na 2013, uliofuatilia namna kaya zinavyopata chakula, ulikuta kwamba kaya zinazopokea SNAP zinaishi kwa wastani kama maili 2 kutoka supamaketi ya karibu, lakini duka lao kuu la manunuzi liko zaidi ya maili 3. Maana yake wanaipita ya karibu, wanaifuata ile yenye bei inayowafaa. Huyo si mtu asiyejua hesabu.

Swali la nani anaingia duka la kona, basi, halitufikishi mbali. Kila mtu anaingia. Swali lenye uzito ni hili: alichonunua pale kimechukua nafasi ya nini?

Watazame wateja watatu kwenye keshia mmoja. Wa kwanza ana gari. Amejaza mafuta, ameingia kuchukua kahawa na chupa ya maji. Friji ya nyumbani kwake imejaa, na kahawa ile ikipanda bei kwa senti 50 hata hataona. Wa pili ni fundi wa ujenzi, saa 11 na nusu alfajiri, ana sandwichi mbili, kinywaji cha kuongeza nguvu, sigara, na mfuko wa barafu wa kuweka kwenye boksi la maji ya kunywa. Huyu hapiti tu. Duka hili ndilo kantini yake, kwa sababu pale anapofanyia kazi leo hakuna jiko wala meza, na mwezi ujao atakuwa kwenye kiwanja kingine. Wa tatu amekuja kwa miguu saa 3 usiku. Anachukua maziwa nusu galoni, mkate, na pakiti ndogo ya nepi. Kwake hapa ndipo stoo ilipo.

Bei kwenye rafu ni moja kwa wote watatu. Kwa wa kwanza, ile nyongeza juu ya bei ya supamaketi ni malipo ya kuokoa dakika kumi. Kwa wa pili ni gharama ya kazi ambayo mwajiri hamrudishii. Kwa wa tatu ni kama kodi, na anailipa kwa vitu ambavyo hawezi kuvikosa. Atakayesimama mlangoni kuhesabu vichwa ataandika "wateja watatu" na kuondoka.

Chimbuko lenyewe la maduka haya linasahaulika. Mwaka 1927, Dallas, Texas, kampuni ya Southland Ice ilikuwa ikiuza mapande ya barafu. Msimamizi wa kituo kimoja akaanza kuuza maziwa, mayai na mkate hapo hapo, kwa kuwa kituo kilikuwa wazi jioni na Jumapili wakati maduka ya vyakula yamefungwa. Mwaka 1946 maduka hayo yakaitwa 7-Eleven, kwa maana ya kufungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 5 usiku, jambo lililokuwa kubwa wakati huo. Mwaka 1963 duka moja la Austin, karibu na chuo kikuu, lilizidiwa na wateja usiku wa mechi ya mpira wa Kimarekani likashindwa kufunga, na huo ukawa mwanzo wa kufungua saa 24. Mambo haya yote yalikuwa ya watu wenye magari na vitongoji vipya. Leo Marekani ina zaidi ya maduka 150,000 ya namna hii, na ndiyo yanayouza kama asilimia 80 ya mafuta ya magari nchini. Zaidi ya nusu ya maduka hayo ni ya wamiliki wenye duka moja tu.

Kuna ukoo wa pili, ule wa duka la watembea kwa miguu. Bodega za New York, yaani maduka madogo ya kona, zilijengwa na Wapuerto Rico, wakafuata Wadominika, na baadaye Wayemen wengi. Humo mwenye duka alimjua mteja kwa jina na aliweza kumwandikia deni mpaka Ijumaa. Tarehe 2 Februari 2017, zaidi ya bodega 1,000 za Wayemen zilifungwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku kupinga amri ya rais ya kuwazuia raia wa nchi kadhaa, Yemen ikiwemo, kuingia Marekani. Siku ile jiji liliona ni mlango gani ambao lilikuwa limezoea kuupitia bila kuutazama. Pale Manhattan, wakili na mfagiaji wa ofisi yake wanasimama foleni moja kusubiri mkate wa mayai na jibini. Tofauti yao haiko kwenye mkate.

Tofauti iko kwenye ukubwa wa pakiti, na hapa inafaa tukae kidogo.

Umaskini hauishii kwenye kuwa na pesa chache. Unapanga pia pesa hizo zije lini na kwa mafungu gani. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Yesim Orhun na Mike Palazzolo, walichagua kuchunguza karatasi za chooni. Uteuzi huo ulikuwa wa busara: karatasi haziozi, kila kaya inazitumia, na mtu hatumii zaidi kwa sababu ziko nyingi. Wakafuatilia manunuzi ya zaidi ya kaya 100,000 kwa miaka 7. Wakakuta kaya za kipato cha chini zinalipa karibu asilimia 6 zaidi kwa kila karatasi. Sababu ni mbili na zimeshikana. Pakiti kubwa ina bei ndogo kwa karatasi, lakini inadai pesa nyingi kwa mkupuo. Punguzo la bei nalo halikusubiri: ili ulingojee lazima uwe na akiba nyumbani ya kukuvusha mpaka lije. Asiyenunua kubwa hana akiba, na asiye na akiba hawezi kungoja punguzo. Anapoteza mara mbili.

Na kuna jambo jingine walilolikuta ambalo lingepaswa kunyamazisha mahubiri yote kuhusu elimu ya fedha. Mwanzoni mwa mwezi, pesa zikiwa mkononi, kaya hizo hizo za kipato cha chini hununua pakiti kubwa na kukamata punguzo zaidi. Ujuzi wanao. Fedha taslimu ndizo zinazokatika.

Sasa tuifanye hesabu ya safari yenyewe, maana ndiyo inayofanyika kichwani mwa mtu jioni anapogundua maziwa yameisha. Tarakimu hizi ni za mfano. Tuseme maziwa na mkate ni dola 6 supamaketi na dola 9 kona. Tofauti ni dola 3. Basi la kwenda na kurudi ni dola 4, na saa moja na nusu ya muda. Kona imeshinda, na aliyeichagua amechagua sawa. Badili idadi: vitu 20, dola 60 supamaketi, dola 90 kona. Tofauti sasa ni dola 30. Hata ukienda kwa basi na kurudi na teksi ya dola 12, supamaketi imeshinda kwa mbali.

Kwa hiyo kinachoamua ni vitu vingapi unaweza kununua kwa safari moja. Na hicho kinategemea mambo manne ambayo yote yanaambatana na tabaka. Kwanza ni pesa ulizonazo siku ile. Pili ni mikono: galoni moja ya maziwa ni karibu lita 3.8 na uzito wake unakaribia kilo 4, hivyo galoni mbili na mfuko wa viazi wa kilo 5 ni kilo 13 kwenye basi, pengine na mtoto mgongoni. Tatu ni friza, kwa kuwa nyama ya punguzo haina maana kwa anayeshirikiana friji na wapangaji wengine. Nne ni muda ambao hauvunjwivunjwi. Mwenye zamu mbili ana dakika 40 hapa na dakika 30 pale, na supamaketi haiingii kwenye dakika 30. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa mnunuzi wa namna hii kibaba kinachojaa ni cha mwenye duka.

Ongeza kalenda. SNAP huingia kwenye kadi mara moja kwa mwezi, tarehe ikitegemea jimbo, na mara nyingi herufi ya jina au namba ya faili. Sehemu kubwa hutumika ndani ya wiki mbili za kwanza: ile safari kubwa ya supamaketi, mchele, mafuta, nyama ya kugandisha. Wiki ya nne ndiyo ya kona. Mtu akienda kuchunguza duka la kona tarehe 4 na mwingine akaenda tarehe 27, wataandika ripoti mbili tofauti kuhusu mtaa mmoja.

Wengi wakishafika hapa humgeukia mwenye duka: kwa nini anauza ghali, kwa nini hana mboga? Nenda upande wake wa kaunta uone.

Tuchukue ndizi. Kasha la kawaida la ndizi kwa bei ya jumla lina paundi 40, kama kilo 18, yaani ndizi zinazokaribia 100. Duka dogo likiuza ndizi 12 kwa siku limejitahidi. Kwenye joto la dukani, baada ya siku nne au tano ganda limeshapiga madoa na mteja hashiki tena. Ziliuzwa 50 au 60, zilizobaki zimetupwa, na faida imekwenda nazo. Hivyo mwenye duka ana njia mbili. Aache kabisa, au aende supamaketi kama mteja wa kawaida, anunue vichana vinne kwa bei ya rejareja, aviweke karibu na keshia na kuuza moja moja. Ndiyo maana ndizi ya kona inauzwa kwa kipande. Ukiona sahani ya ndizi tano kwenye kaunta, umeona mtu aliyekataa kukata tamaa, na bei yake ina rejareja juu ya rejareja.

Ugavi wenyewe ndio mzizi. Minyororo mikubwa, yaani kampuni zenye maduka mengi ya namna hii, huletewa bidhaa na wauzaji wa jumla kama McLane au Core-Mark, kwa makreti yaliyochanganywa, katoni moja ya hiki na nusu katoni ya kile, kwa ratiba maalumu ya wiki. Mwenye duka moja mara nyingi hafikishi kiwango cha chini cha oda, kwa hiyo anakwenda na gari lake mwenyewe kwenye ghala la kulipa taslimu na kubeba. Hapati bei anayopata Walmart, ile kampuni kubwa ya supamaketi, hata kidogo. Marekani ina sheria ya 1936, ya Robinson na Patman, iliyotungwa hasa kuzuia muuzaji wa jumla asimpe mkubwa bei ambayo mdogo hapewi. Tangu miaka ya 1980 serikali iliiacha ilale karibu kabisa, mpaka Desemba 2024 ilipofungua kesi dhidi ya Southern Glazer's, msambazaji mkubwa wa pombe. Zaidi ya miaka 30 ya usingizi huo inalipwa leo kwenye rafu ya kona, na mlipaji si mwenye duka peke yake.

Kisha tazama ukuta wa nyuma ya keshia. Sigara zina faida ndogo kwa asilimia, ila ndizo zinazoleta mtu kila siku, na kampuni za tumbaku hutoa punguzo na malipo kwa duka linalokubali kupanga pakiti zake mahali fulani na kwa idadi fulani. Friji za vinywaji nazo mara nyingi ni mali ya kampuni ya soda. Duka linapewa bure kwa sharti kwamba zijazwe soda za kampuni hiyo. Chips huletwa na gari la kampuni, dereva anazipanga mwenyewe na kuondoa zilizopitwa na tarehe. Mwenye duka hatoi jasho wala hasara. Tufaha halina kampuni ya kulilipia rafu, halina dereva wa kulipanga, na likioza limemwozea yeye. Watu wakisema "maduka haya yamechagua kuuza uchafu" nataka wajue kwamba karibu kila sentimita ya duka ina aliyekwisha kuilipia kabla mteja hajaingia.

Faida halisi ya duka iko kwenye kahawa na soda ya kujimiminia, ambako zaidi ya nusu ya bei hubaki dukani. Tiketi za bahati nasibu huacha kamisheni ya asilimia 5 au 6 hivi, lakini zinaleta wateja. Na kuna biashara ambayo mwenye akaunti ya benki haioni kabisa hata akiingia kila asubuhi: hundi ya mshahara kubadilishwa kuwa taslimu, hawala ya kulipia kodi ya nyumba, vocha ya simu, mashine ya kutoa pesa yenye ada. Mwaka 2023, asilimia 4.2 ya kaya za Marekani hazikuwa na akaunti yoyote ya benki. Kwao keshia wa duka ndiye karani wa benki, na kila karatasi anayowapa ina makato.

Kwenye kadi ya SNAP yenyewe kuna mambo yanayoharibika kila siku, na yote yanatokea kaunta, mbele ya watu. Kadi haikubali chakula cha moto. Sandwichi baridi kutoka kwenye friji inapita. Ile ile ikishapashwa moto kabla ya kulipiwa, haipiti. Kuku wa kukaanga aliye kwenye kabati la taa hapiti, kuku mbichi anapita, hata kama mnunuzi hana jiko. Mfanyakazi mgeni asiyeijua kanuni hii huigundua baada ya mashine kukataa, foleni ikiwa nyuma, na aibu inamwangukia mteja wakati kosa si lake. Sabuni na nepi hazimo. Kwa hiyo mwenye kadi lazima agawe bidhaa zake mafungu mawili juu ya kaunta, hili la kadi na hili la taslimu, na kila aliye nyuma yake anasoma maisha yake kwenye mafungu hayo. Supamaketi ina mashine za kujihudumia zinazoficha hilo. Kona haifichi.

Ili duka lipokee kadi hiyo lazima liwe na chakula cha msingi. Kanuni iliyoanza kutumika 2018 ilitaka makundi manne: nyama na samaki, nafaka na mkate, mboga na matunda, maziwa. Kila kundi liwe na aina 3, kila aina angalau vipande 3, jumla 36, na angalau makundi mawili yawe na kitu kinachoweza kuharibika. Inasikika vizuri. Lakini vya kopo vinahesabiwa, na vilivyogandishwa vinahesabiwa kuwa vinavyoharibika. Makopo 9 ya mahindi, maharage ya kijani na pichi yametosheleza kundi zima la mboga na matunda, na yanaweza kukaa pale mwaka mzima yakishika vumbi. Mkaguzi ameridhika, na mlo wa mtu haujabadilika.

Hapa ndipo linapoingia lile wazo la majangwa ya chakula: kwamba mtaa usio na supamaketi ndio unaosababisha watu wale vibaya. Minneapolis ilikuwa ya kwanza, 2008, kutunga sheria ya jiji ya kuyataka maduka ya vyakula yaweke vyakula vya msingi. Philadelphia, tangu 2004, shirika la The Food Trust limekuwa likiyasaidia maduka ya kona kuuza matunda na mboga. Lakini mwaka 2019 wachumi wakiongozwa na Hunt Allcott walichapisha kazi iliyofuatilia manunuzi ya kaya nchi nzima, wakakuta kwamba tofauti ya maduka yaliyopo inaeleza takriban asilimia 10 tu ya pengo la lishe kati ya matajiri na maskini. Supamaketi mpya ikifunguliwa, watu wanahamia kwake na kununua vile vile walivyokuwa wakinunua. Wapo walioidaka kazi hiyo na kusema: mnaona, ni tabia zao. Mimi naisoma vingine. Mboga inadai jiko, kisu, muda, na mtoto ambaye hataikataa, maana mzazi asiye na chakula cha akiba hawezi kujaribisha sahani itakayorudi nzima. Chips hazikataliwi na mtoto yeyote, na mzazi mwenye dola 2 mkononi anayajua hayo.

Na mwenye nacho? Yeye duka la kona limemfuata nyumbani. Gopuff ilianza 2013 huko huko Philadelphia, ikiuza bidhaa zile zile za duka la kona, aiskrimu, chips, vidonge vya kichwa, kutoka kwenye maghala hadi mlangoni. Anayelipa ada ya kuletewa aiskrimu saa 5 usiku hakuna anayemwambia hajui kupanga matumizi. Mwaka 2017 waliokuwa wafanyakazi wa Google walizindua kabati la kielektroniki la vitafunio la kuwekwa kwenye ofisi na majengo ya kupanga, wakaliita Bodega. Hasira iliyolipuka siku ile ile ilikuwa ya haki: walichukua jina la kazi ya wahamiaji na kulibandika kwenye sanduku lisilo na mtu ndani. Wakabadili jina, na 2020 biashara ikafungwa. Foxtrot ya Chicago ilijaribu njia nyingine, duka la kona la mvinyo na kahawa nzuri kwa wenye kipato. Aprili 2024 ilifunga maduka yake yote 33 kwa siku moja, wafanyakazi wakipata habari wakiwa zamu. Baadhi yalifunguliwa tena baadaye. Bado ni duka dogo lenye bidhaa chache kwa bei ya juu. Kilichobadilika ni mbao za rafu na aina ya taa.

Kwamba haya si maumbile ya duka dogo, Japani inaonyesha wazi. 7-Eleven ya kwanza huko ilifunguliwa Toyosu, Tokyo, Mei 1974. Leo nchi ina zaidi ya maduka 50,000 ya namna hiyo, na humo utamkuta mkurugenzi, mwanafunzi, mzee wa miaka 80 na dereva wa lori, wote wakila chakula kile kile bila mtu kufikiria lolote. Siri haiko kwenye adabu ya Wajapani kama wengi wanavyopenda kusema. Iko kwenye malori. Kampuni ilirundika maduka yake karibu karibu makusudi, ili lori moja lihudumie mengi, na chakula kilichotengenezwa karibuni kiletwe mara kadhaa kwa siku kutoka viwanda vilivyo karibu. Duka lisilo na stoo linaweza kuuza saladi kama lori linarudi mchana. Ongeza mashine za benki, malipo ya umeme na vifurushi, na kila mtu ana sababu ya kuingia. Mwaka 1991 hao hao Wajapani ndio waliochukua sehemu kubwa ya umiliki wa kampuni mama ya Dallas ilipofilisika.

Ukitaka kujua duka la kona la Marekani linamtarajia nani, mteja wa mtaa wake usimtazame kwanza. Tazama sabuni ya kufulia: kama ipo chupa ya kufua mara mbili tu, duka linajua watu wake wanalipwaje. Tazama kama choo kipo na kama kinahitaji ufunguo. Tazama kama kahawa unajimiminia mwenyewe au unaiomba. Mwisho tazama kioo.

Philadelphia kuna maduka yanayouza bia na chakula ambako keshia yuko nyuma ya kioo kinene kisichopenya risasi, na bidhaa zote ziko upande wake. Mwishoni mwa 2017 jiji lilipitisha sheria ya kuweka kanuni juu ya vioo hivyo, ikiongozwa na diwani Cindy Bass, aliyesema ni udhalilishaji watu wa mtaa fulani kupokea chakula chao kupitia tundu wakati mitaa mingine hakuna kitu hicho. Wenye maduka, wengi wahamiaji kutoka Asia, walijaa ukumbini kujibu kwamba kioo ndicho kinachowarudisha nyumbani wakiwa hai. Wote wawili walisema kweli. Na mteja, aliyesimama kati ya kweli hizo mbili, anaonyesha mkate kwa kidole kutoka nje ya kioo. Hawezi kuubonyeza ajue kama ni wa leo. Hawezi kuugeuza asome tarehe. Anaweka pesa kwenye trei ya chuma, trei inazunguka, na mkate anaupata akiwa ameshaulipia.